Shilingi Moja ya Waziri

Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge la Tanzania, zile ambazo wengi huziita Hansard, si maandishi ya kusomea kitandani. Siku moja ya mkutano wa bajeti hujaza kurasa kwa kurasa, na sehemu kubwa ya kurasa hizo ni shukrani na pongezi. Hata hivyo napenda kuzisoma kwa mwaka mzima mfululizo, tangu mkutano wa Januari hadi ule wa Novemba, nikifuata jina moja tu: alisimama lini, aliuliza nini, alijibiwa nini, na jibu lile alilipeleka wapi. Simfuati waziri wala kiongozi wa chama. Namfuata mbunge wa viti vya nyuma, asiye na wizara wala bendera kwenye gari, ambaye magazeti humkumbuka siku anapotolewa nje ya ukumbi.

Ukisoma hotuba moja moja, wabunge karibu wote wanafanana. Wote wanashukuru, wote wanalia na barabara, wote wanaunga mkono hoja mia kwa mia. Ukisoma mwaka mzima ndipo unapobaini kuwa yupo aliyesema mambo ishirini, kila moja mara moja, na yupo aliyesema jambo moja tu kwa njia saba. Huyu wa pili ndiye ninayemhusudu.

Katiba imembana kuliko wapiga kura wake wanavyodhani. Ibara ya 99 haimruhusu kuleta bungeni pendekezo la kutoza kodi au kuongeza matumizi ya Serikali. Hilo ni la Rais, kupitia kwa waziri. Anayeahidi jukwaani kwamba "nitawaletea maji" anaahidi kitu ambacho si chake kukileta. Kuikataa bajeti nzima nako ni kujitafutia safari ya nyumbani, maana Ibara ya 90 inampa Rais nafasi ya kulivunja Bunge likifanya hivyo. Kinachobaki mkononi mwake ni Ibara ya 63, inayomwezesha kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma, na Ibara ya 100, inayomkinga asishtakiwe nje kwa aliyoyasema ndani. Hana fedha, hana amri. Ana swali, ana dakika zake chache, na ana kumbukumbu ya yaliyosemwa.

Tuseme jimboni kwake kuna mradi wa maji uliokwama. Tangi limesimama kilimani, mabomba yamelala kando ya barabara yakipigwa jua, mkandarasi ameondoa mitambo yake. Nauchukua mfano huu kwa sababu majimbo mengi ya vijijini yana mradi wa namna hiyo, na kwa sababu ndipo ufundi unapojipambanua na kelele.

Ataanza na swali la msingi. Wengi hulidharau: linapelekwa mapema kwa Katibu wa Bunge, wizara inaandaa jibu, Naibu Waziri analisoma asubuhi baada ya dua na hati kuwasilishwa mezani. Mbunge mgeni huandika, "Je, ni lini Serikali itakamilisha mradi huo?" Jibu lake tunalijua sote kabla halijasomwa. Serikali inatambua umuhimu wa mradi. Serikali itaendelea kutenga fedha kadiri zitakavyopatikana. Upembuzi yakinifu unaendelea. Hakuna uongo hata chembe katika sentensi hizo, wala hakuna pa kushika.

Fundi haulizi kuhusu kesho. Anauliza kuhusu jana. "Kati ya fedha zilizoidhinishwa na Bunge kwa ajili ya mradi huu katika mwaka wa fedha uliopita, ni kiasi gani kilikuwa kimetolewa hadi tarehe 30 Juni?" Hapo wizara haina pa kukimbilia ila kwenye tarakimu. Katika bajeti zetu, fedha iliyoidhinishwa na fedha iliyotolewa ni vitu viwili, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikilionyesha pengo hilo mwaka baada ya mwaka. Mbunge anayelijua pengo hilo huliweka ndani ya swali lake tangu mwanzo. Swali zuri la msingi limesukwa kama dema: mlango wa kuingilia mpana, wa kutokea haupo.

Kisha linakuja swali la nyongeza, na hapa ndipo ninapopunguza mwendo wa kusoma. Kanuni za Bunge zinamruhusu muulizaji maswali mawili ya nyongeza, papo hapo, bila wizara kuyajua kabla. "Mheshimiwa Spika, nakushukuru. Pamoja na majibu mazuri ya Mheshimiwa Naibu Waziri, nina maswali mawili ya nyongeza." Hayo majibu mazuri ni adabu ya ukumbi, na fundi haivunji hata kama jibu lilikuwa bovu. Anajua kuwa Naibu Waziri akishambuliwa atajitetea, akisifiwa ataongeza neno. Na neno la kuongeza ndilo analolitafuta.

Swali la kwanza la nyongeza analitumia kumfunga waziri kwenye tarehe. La pili analitumia kumfunga kwenye mtu: je, yuko tayari kuongozana nami baada ya mkutano huu wa Bunge kwenda kuliona tangi hilo? Ukiwa na haraka utaliona swali la pili kuwa jepesi, la kuombea picha ya pamoja. Lakini waziri akishasimama kando ya tangi kavu mbele ya wananchi, hawezi tena kusema bungeni kwamba mradi "unaendelea vizuri." Nimeona wabunge wakilipoteza swali hili la pili kwa kulitumbukiza ombi jingine lisilohusiana, daraja au gari la wagonjwa, na Spika akawakata. Wapo pia wanaochomeka maswali matatu ndani ya mawili kwa kuyaunganisha na "na je." Spika mkali huwagundua.

Herufi tatu katika Taarifa Rasmi hunifurahisha sana: K.n.y., yaani kwa niaba ya. Mbunge hayupo, pengine yuko msibani jimboni au safarini na kamati, na swali lake limeulizwa na mwenzake. Angalia nani kauliza. Aliyezoea kazi hii hamwachii tu rafiki, humwachia anayelijua jambo, pamoja na karatasi yenye maswali mawili ya nyongeza yaliyokwisha andikwa, ili nafasi aliyoisubiri kwa muda mrefu isipotee kwa "sina swali la nyongeza, Mheshimiwa Spika."

Naibu Waziri amesema: nimhakikishie Mheshimiwa Mbunge kwamba mradi utakamilika kabla ya mwisho wa mwaka huu wa fedha. Mbunge wa kawaida anapiga makofi juu ya meza. Fundi ananakili siku na tarehe. Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni, na yeye anajua atakuwa ameketi wapi mwezi Mei.

Tangu 2013, ratiba ya bajeti iliporudishwa nyuma, mkutano wa bajeti huanza Aprili na kumalizika kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza. Mwezi mmoja kabla, kamati za Bunge huzunguka kukagua miradi na kupitia makadirio ya wizara, mbali na hadhira ya ukumbini. Sehemu hii ya kazi haina jina la mtu kwenye gazeti. Ripoti ya kamati husomwa na mwenyekiti, nayo husema "Kamati inashauri," kana kwamba Kamati ina mdomo mmoja. Anayefuatilia jambo lake kwa mwaka mzima unaweza kumtambua humo kwa aya moja tu, pale ambapo mradi ule ule wenye tangi kavu unatokea kwa jina katikati ya sentensi ndefu kuhusu sekta nzima. Mtu alikaa kwenye kiti mpaka aya hiyo ikaingia.

Halafu dakika kumi za kuchangia. Siku zenye msongamano huwa tano. Kanuni zinataka asimame, aelekeze maneno yake kwa Spika, na asisome hotuba neno kwa neno kama mwanafunzi. Wabunge ni zaidi ya 350, na waliopeleka majina ya kuchangia wizara ya maji ni wengi kuliko saa zilizopo. Mtu aliyebahatika kuitwa hufanya nini na dakika zake? Anamshukuru Mwenyezi Mungu kwa afya. Anamshukuru Spika kwa nafasi. Anampongeza Rais, Waziri Mkuu, Waziri, Naibu, Katibu Mkuu na watendaji wote. Anawashukuru wapiga kura, mwenza wake na watoto. Kengele ya kwanza inalia akiwa ameingia kwenye kichwa cha habari cha hoja yake, na ya pili inamkuta akiomba nusu dakika.

Sisemi shukrani ni upuuzi. Katika utamaduni wetu mtu haingii nyumbani kwa watu akaanza kudai; anabisha hodi na kujulia hali kwanza. Ila hodi haichukui dakika tatu. Mafundi wa kazi hii wana shukrani moja fupi, ile ile kila mara, na baada yake wanaingia moja kwa moja: "Mheshimiwa Spika, tarehe fulani mwezi Februari, nikijibiwa swali langu katika Bunge hili, Serikali ilisema maneno yafuatayo." Wanayasoma maneno ya waziri mwenyewe kutoka katika Taarifa Rasmi. Hayo yanaruhusiwa kusomwa. Tangu hapo hawahitaji kupaza sauti, kwa sababu mzigo umehama. Si mbunge tena anayeiomba Serikali, ni Serikali inayotakiwa kueleza kauli yake.

Ndipo unaposikia, "Taarifa, Mheshimiwa Spika!" Mbunge mwingine amesimama kumkatisha, kwa nia njema ya kumwongezea au kwa nia ya kumla muda. Spika anauliza, "Unaipokea taarifa hiyo?" Hili ni tukio dogo linalosema mengi juu ya mtu. Mwenye papara hubishana, na saa inatembea. Mwenye uzoefu husema "naipokea" kama inamjenga, au "siipokei, Mheshimiwa Spika" kama inambomoa, kwa pumzi moja, bila kumtazama aliyeitoa, kisha anarudi kwenye sentensi aliyoiacha, palepale alipoikatia. Kurudi kwenye sentensi ileile ni jambo gumu kuliko linavyosomeka. Mwandishi wa Taarifa Rasmi ataweka Makofi au Kicheko ndani ya mabano mahali pake, nawe msomaji wa baadaye utajua ukumbi ulikuwa upande gani.

Kitu kimoja kilibadilika Januari 2016, Serikali ilipotangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao moja kwa moja kama ilivyokuwa. Nililipinga jambo hilo na bado nalipinga. Lakini nasoma maandishi ya kabla na ya baada, na nakiri kwamba wale waliokuwa wakizungumza na kamera walipungukiwa, na wale waliokuwa wakizungumza na kitabu cha kumbukumbu hawakubadilika hata kidogo.

Wapo wasioitwa kabisa. Hao huchangia kwa maandishi, na michango yao huchapishwa pamoja na iliyosemwa. Hakuna makofi ndani ya mabano, hakuna kengele. Nimejifunza kutoiruka sehemu hii, kwa sababu mara nyingi ndipo penye tarakimu: urefu wa bomba, idadi ya vijiji, namba ya mkataba, tarehe hati ya madai ya mkandarasi ilipopokelewa. Mtu asiyetarajia kusikika huandika kwa ajili ya anayetakiwa kujibu.

Jioni ya siku ya wizara husika Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi. Spika anaitwa Mwenyekiti, Katibu mezani anasoma mafungu na vifungu kwa namba, na inafika zamu ya kifungu chenye mshahara wa waziri. Hapa ndipo penye mchezo ninaoupenda kuliko yote katika Bunge letu. Mbunge anasimama na kueleza jambo moja, moja tu, la kisera, kisha anasema kwamba asiporidhika na maelezo ya waziri anakusudia kutoa shilingi. Ni shilingi moja kweli, kutoka katika mshahara wa waziri. Haina thamani ya kununulia hata pipi. Lakini ikitolewa, jambo lililokuwa mstari mmoja katika hotuba ndefu linageuka kuwa hoja mbele ya Bunge zima. Wabunge wengine wanasimama kuiunga mkono, mawaziri wenzake wanasimama kumwokoa mwenzao, na wakati mwingine Mwanasheria Mkuu anaingizwa.

Mtu anayezuiwa na Ibara ya 99 kuongeza shilingi moja katika bajeti amepewa na Kanuni ruhusa ya kuishika shilingi moja. Fundi anaelewa kuwa hatashinda kura. Wengi ni wa Serikali, na Mwenyekiti akiwahoji, waliosema siyo watakuwa wameshinda. Kwa hiyo haiendei kura. Anauendea ule muda wa kabla ya kura, waziri anapotaka jambo liishe usiku uingie. Ndani ya dakika hizo chache waziri husema mambo ambayo hakuyasema mwaka mzima. Hutaja mwezi. Hutaja kiasi. Hutaja kwamba hati ya mkandarasi imeshafika Hazina. Mbunge anasikiliza, anauliza mara ya pili kwa upole ili kiasi hicho kisemwe tena vizuri na kiandikwe, kisha anarudisha shilingi.

Kujua wakati wa kurudisha ni nusu ya kazi yenyewe. Ukirudisha mapema, umepata "tutalifanyia kazi." Ukiing'ang'ania, unapigiwa kura, unashindwa, na waziri anatoka ukumbini bila deni lolote, tena na ushahidi kwamba Bunge lilikuwa upande wake. Wapo waliopata sifa za ujasiri kwa kukataa kurudisha shilingi huku wakipoteza ahadi iliyokuwa imeshatamkwa. Huo mimi sihesabu kuwa ushindi, ingawa najua mitandaoni unapendeza zaidi. Na kuna gilotini: muda ukiisha, vifungu vilivyobaki vinapitishwa kwa pamoja bila mjadala. Aliyejiandaa kwa jambo lililo kwenye kifungu cha mwisho huenda nyumbani na karatasi zake. Ndiyo maana mshahara wa waziri, uliopo mwanzoni, ndio unaogombewa.

Nimezungumzia kazi ya kimya. Iko pia ya kishindo, na haina haki ya kudharauliwa. Chrisant Mzindakaya, mbunge wa Kwela mkoani Rukwa kupitia CCM, aliitwa Mzee wa Mabomu kwa tabia yake ya kusimama na kuwasomea mawaziri wa chama chake nyaraka ambazo hawakujua kama anazo. Jina lake linatajwa pamoja na sakata la misamaha ya kodi lililomfanya Profesa Simon Mbilinyi aachie Wizara ya Fedha mwaka 1996. Watu hukumbuka mlipuko, nami hufikiria yale yaliyotangulia: mtu anapokuletea karatasi usiku, unathibitishaje kuwa ni ya kweli? Unaitunza vipi isivuje kabla ya kusimama? Kanuni zinakataza kusema uongo bungeni, na Spika anaweza kumtaka mbunge athibitishe. Bomu lisilolipuka humlipukia aliyelishika.

Jirani zetu wa Kenya wanalijua hilo kwa bei ya juu zaidi. Mwaka 1975, wakati mijadala ya Bunge la Nairobi ilikuwa ikiendeshwa kwa Kiswahili kufuatia agizo la Rais Kenyatta la mwaka uliotangulia, Martin Shikuku wa Butere alisema kwamba wako watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama tawala, KANU. Akatakiwa athibitishe. Aliyekuwa kitini, Naibu Spika Jean-Marie Seroney, akaamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye polisi waliwakamata wote wawili katika eneo la Bunge, na hawakutoka kizuizini hadi 1978, baada ya Kenyatta kufariki. Shikuku alisifika kwa kuzijua kanuni za Bunge kuliko wengi waliokaa kitini, na nadhani ndiyo sababu sentensi yake ile ilikuwa fupi vile. Alijua ni ipi ingeweza kusimama.

Na Buzwagi. Februari 2007 Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alitia saini London mkataba wa mgodi huo wa dhahabu, wakati Serikali ilikuwa imekwisha tangaza kuipitia upya mikataba ya madini. Katika mkutano wa bajeti wa mwaka huo Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini kupitia CHADEMA, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 31, alileta hoja binafsi kutaka iundwe kamati teule ya kuchunguza mazingira ya saini ile. Hoja ilikataliwa, naye akasimamishwa kuhudhuria vikao hadi mwaka uliofuata kwa madai ya kumsingizia waziri uongo. Wengi wanaikumbuka adhabu na mikutano ya hadhara iliyofuata. Ninachokipenda mimi ni wembamba wa hoja. Angeweza kuleta hoja juu ya madini yote, mrabaha wote, ukoloni wote. Aliuliza juu ya saini moja: kwa nini kule, na kwa nini wakati ule? Jambo dogo namna hiyo halikuzikika kwa urahisi. Novemba Rais Kikwete aliunda kamati ya kuipitia sekta nzima chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto akawa mjumbe wake. Mwaka 2010 nchi ikapata Sheria mpya ya Madini. Hoja ilishindwa bungeni Agosti, ikaingia Ikulu Novemba.

Lakini sitaki kishindo kitufunike macho. Kwa kila Buzwagi kuna mamia ya matangi makavu, na hayo hayapati kamati ya jaji.

Wabunge wa viti maalumu wana ugumu wao. Hawana jimbo, kwa hiyo hawana tangi la kulisimamia. Wanalazimika kuchagua jambo la nchi nzima na kulifanya jimbo lao. Mfano ninaourudia mara kwa mara ni wa taulo za kike. Kwa muda mrefu wabunge wanawake, Upendo Peneza wa viti maalumu akiwa miongoni mwao, walilisema jambo hili mbele ya ukumbi uliokuwa na wanaume wengi waliokuwa wakicheka. Kicheko hicho nacho ni kikwazo cha kazi. Mzungumzaji akicheka nao, jambo limekufa. Akikasirika, limekuwa la hasira zake. Waliofaulu ni wale waliolihamisha kutoka kwenye haya kwenda kwenye hesabu: msichana anakosa siku ngapi za masomo kwa mwezi, pakiti moja inauzwa bei gani, kodi ndani ya bei hiyo ni kiasi gani. Wizara ya elimu ilipofika mezani walisema elimu, ya afya ilipofika walisema afya, na muswada wa fedha ulipokuja walisema kodi. Jambo lile lile, wizara tatu.

Juni 2018, katika bajeti ya 2018/19, Serikali ilifuta kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo. Ukumbi ulishangilia, na ilistahili. Kwa mtu asiye na fedha wala amri, kuisogeza sheria ya kodi ni jambo kubwa mno. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2019, Waziri wa Fedha Philip Mpango alisimama na kupendekeza kodi irudishwe. Sababu aliyoitoa ilikuwa rahisi na ngumu kuipangua: bei kwa mlaji haikuwa imeshuka, nafuu ilikuwa imeishia kwa wafanyabiashara. Kodi ikarudi.

Nimesoma michango ya siku zile kwa uchungu, kwa maana hasira ilikuwa ya haki na maneno yalikuwa mazuri. Lakini waziri alikuwa amekuja na hoja ya bei, na hoja ya bei haijibiwi kwa haki za mtoto wa kike. Ilihitaji mtu aliyeanza kazi Julai 2018, siku sheria ilipoanza kutumika, akaandika bei za madukani Kigoma, Mtwara na Kariakoo. Septemba akauliza swali la msingi kuhusu nani anasimamia bei hizo. Novemba, wakati wa kujadili mapendekezo ya mpango wa maendeleo, akaitaka Tume ya Ushindani itajwe. Februari akapata kauli ya Naibu Waziri. Na Mei akashika shilingi ya waziri wa viwanda na biashara, si ya waziri wa fedha, akiwa na orodha ya maduka mkononi.